Bibi Anakonda, Kosa ni la Nani? Kuisoma Ripoti ya Demensia Tukiwa Ujiji

Msomaji, ukianza kusoma makala za kitabibu kuhusu demensia, ule ugonjwa wa ubongo ambao mitaani tunauita ugonjwa wa kusahau, utakutana mapema na sentensi moja: mgonjwa akifika hatua za mwisho, kukonda ni sehemu ya ugonjwa. Sasa nenda ukakae barazani pale Ujiji au Mwanga, siku ambayo ndugu wamekuja kutoka Dar es Salaam kumwona mama yao. Utasikia sentensi nyingine kabisa: "Mbona mama amekwisha hivi? Kwani hamumpi chakula?"

Ya kwanza inasema hakuna wa kulaumiwa. Ya pili inamlaumu mkwe anayeshinda naye. Hoja yangu leo ni kwamba zote mbili zinawahi mno. Zinatoa jibu kabla swali halijaulizwa, na anayeumia ni bibi mwenyewe na yule anayemshikia kijiko.

Kama kawaida yetu, tunachambua maandishi yaliyo hadharani. Nimechukua mawili yanayotajwa sana kwenye suala hili, nimejaribu kuyasoma kana kwamba nimekaa Ujiji na siko kwenye maktaba ya chuo. Yana mazuri mengi. Yana pia pengo moja kubwa, na pengo hilo limekaa hapa kwetu.

Kwanza, hatua ya mwisho ni ipi?

Wengi tunadhani demensia ni kusahau tu. Bibi anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, anauliza saa mara kumi, anaamka usiku aende kwenye shamba lililouzwa zamani. Hizo ni hatua za mwanzo na za kati. Hatua ya mwisho ni habari nyingine. Mgonjwa hamtambui mtoto aliyemzaa, maneno aliyobaki nayo unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, hatembei, na haja zinamtoka bila yeye kujua.

Hapo ndipo chakula kinapoanza kuwa tatizo la ubongo. Wewe ukila ugali hufikirii kitu, lakini ubongo wako unafanya kazi nzito. Unatambua kwamba kile kilicho mbele yako ni chakula, unaongoza mkono, unaamuru taya kutafuna, unakusanya tonge, halafu kwa muda mfupi sana unafunga njia ya hewa ili tonge lipite nyuma ya koo bila kuingia kwenye mapafu. Demensia inavuruga hatua zote hizo. Mgonjwa anakitazama kijiko hajui ni cha nini. Harufu ya samaki haimwamshi hamu tena. Anaweka uji mdomoni anasahau kuumeza. Au anaumeza vibaya, unaingia kwenye njia ya hewa, na siku chache baadaye ana nimonia.

Na si hatua ya mwisho peke yake. Huko Honolulu, watafiti walifuatilia uzito wa wanaume wenye asili ya Japani kwa miaka 32, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Wale waliokuja kupata demensia walikuwa wameanza kupungua uzito miaka kadhaa kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Kwa hiyo ile sentensi ya kwanza si ya kubuni. Ugonjwa wenyewe unakondesha.

Maandishi yenyewe

La kwanza ni utafiti wa Susan Mitchell na wenzake, uliochapishwa Oktoba 2009 katika jarida la New England Journal of Medicine. Waliwafuatilia wagonjwa 323 wa demensia ya hatua ya mwisho kwa miezi 18, katika nyumba 22 za kulelea wazee eneo la Boston, Marekani. Zaidi ya nusu yao, asilimia 54.8, walifariki katika kipindi hicho. Asilimia 86 hivi walipata tatizo la kula: kupungua uzito, kushindwa kutafuna au kumeza, kukataa chakula. Mchango mkubwa wa utafiti huu ni kuonyesha kwamba demensia ni ugonjwa unaoua, sawa na saratani, na kwamba matatizo ya kula ni dalili ya njia hiyo ya mwisho.

Lina jambo jingine ambalo ningependa kila familia ilijue. Katika miezi 3 ya mwisho wa uhai, wagonjwa 4 kati ya 10 waliofariki walipitishwa kwenye angalau tiba moja nzito: kulazwa hospitali, kukimbizwa chumba cha dharura, kuwekewa dripu au mpira wa kulishia. Ambao ndugu zao walielewa mapema ugonjwa unaelekea wapi waliepushwa na mengi ya hayo.

La pili ni ripoti ya shirika la Alzheimer's Disease International ya mwaka 2014 kuhusu lishe na demensia, iliyoandikwa na Martin Prince na wenzake wa King's College London. Ripoti hii ilikusanya tafiti nyingi ikasema kwamba kati ya asilimia 20 na 45 ya wagonjwa wa demensia wanaoishi majumbani hupungua uzito kwa kiwango cha kutia wasiwasi ndani ya mwaka mmoja. Kisha ikakataa hoja ya kukunja mikono. Ikaonyesha kwamba vinywaji vya lishe vyenye nguvu nyingi husaidia kurudisha uzito, ikataka wagonjwa wapimwe uzito mara kwa mara, wahudumu wafundishwe, na mazingira ya kulia chakula yaboreshwe.

Nianze na haki yao. Ripoti hii ni nzuri, imeandikwa kwa lugha nyepesi, na waandishi wake si wageni wa nchi maskini. Prince na Albanese ni watu wa mtandao wa 10/66, uliojengwa mahsusi kuchunguza demensia katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na mwaka 2013 walionyesha kwamba kadiri demensia inavyozidi ndivyo uzito unavyozidi kupungua, hata nje ya Ulaya na Marekani.

Lakini ukifika kwenye mapendekezo unaona ghafla umehamishwa nyumba. Uko kwenye ukumbi wa chakula wenye meza, wahudumu wa zamu, mizani ukutani na stoo ya vinywaji vya lishe. Inafaa kujua kwamba ripoti iligharamiwa na Compass Group, kampuni kubwa ya Uingereza inayopika na kuhudumia chakula kwenye taasisi, hospitali na nyumba za wazee zikiwemo. Sisemi matokeo yamenunuliwa. Sioni dalili hiyo. Nasema tu kwamba anayelipa huwa anajua swali analolitaka, na swali hapa lilikuwa la taasisi. Swali la nyumba ya Ujiji, ambako mpishi, muuguzi na mwenye nyumba ni mtu mmoja, limeguswa kidogo likaachwa.

Boston si Ujiji

Hebu tuangalie kwa nini "kukonda ni sehemu ya ugonjwa" ni salama kuisema Boston. Nyumba za kulelea wazee za Marekani zinatakiwa kuandika mkazi akipoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi 6. Chakula kinakuja mara tatu kwa siku, bei ya samaki ipande au ishuke. Daktari anapita. Kwa hiyo mgonjwa anapoandikwa kwamba amekonda kwa sababu ya demensia, sababu nyingine nyingi zimeshachujwa. Demensia ndiyo iliyobaki kwenye chujio.

Kwetu chujio halijapita. Mzee akikonda Kigoma, demensia inaweza kuwa sababu moja kati ya nyingi, na nyingine zinatibika. Kifua kikuu kinakondesha. Kisukari kinakondesha. Virusi vya UKIMWI vinakondesha, na wazee wanavyo pia ingawa hatupendi kuliwaza hilo. Jino bovu, utando mweupe mdomoni, choo kigumu cha siku sita, dawa inayokata hamu ya kula, huzuni: vyote hivyo vinamfanya mtu afunge mdomo kijiko kikija. Mwenye akili timamu atakwambia "jino linaniuma". Mgonjwa wa demensia hawezi kusema, atageuza uso tu, na sisi tutasema amekataa kula.

Takwimu zetu wenyewe zinathibitisha kwamba ugonjwa upo. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2013, uliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Baada ya kurekebisha kwa umri, asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Utafiti mwingine wa huko huko Hai, wa Declare Mushi na wenzake wa mwaka 2014, ulionyesha kwamba watu wengi waliona kupoteza kumbukumbu ni uzee wa kawaida, na wengine walitaja uchawi au laana. Hai ni upande wa pili wa nchi, lakini mitazamo hiyo sidhani kama itamshangaza mtu wa Kasulu au Uvinza. Sasa weka juu ya mitazamo hiyo sentensi ya kitaalamu inayosema "kukonda ni sehemu ya ugonjwa". Unapata nini? Unapata ruhusa ya kisayansi ya kutompeleka bibi kupimwa makohozi.

Sufuria na mkono

Kuna sababu nyingine mbili ambazo haziko kwenye mwili wa mgonjwa kabisa.

Ya kwanza ni sufuria. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa ziwa ulikuwa uamuzi wenye sababu. Ila kwa nyumba inayokula ugali wa muhogo, dagaa na mgebuka si mboga tu, ndiyo protini yenyewe, maana muhogo una nguvu ya kutosha lakini protini yake ni ndogo sana. Dagaa wakiadimika, misuli ya mtu mzima mwenye afya inastahimili. Misuli ya bibi wa miaka 82 haina akiba. Na fedha ya kununua mbadala? Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara hakuna pensheni ya wazee wote ya namna hiyo.

Halafu kuna sinia. Ripoti inataka tuangalie mgonjwa amebakiza kiasi gani kwenye sahani yake. Swali zuri, kwa nyumba yenye sahani ya kila mtu. Kwetu tunakula sinia moja, na hiyo ni heshima na upendo. Tatizo ni kwamba sinia halibakizi ushahidi. Mwenye kasi anakula cha mwenye pole, na sinia likiisha kila mtu anahesabiwa ameshiba. Bibi aliyemeza matonge matatu na bibi aliyemeza kumi wanaondoka kwenye sinia lile lile lililo tupu.

Ramadhani nayo ina mtego wake. Mtu aliyepoteza akili halazimiki kufunga, hilo kila mtu Ujiji analijua. Lakini jiko likizima mchana kwa sababu wanaopika wamefunga, uji wa bibi wa saa nne na chakula chake cha mchana vinasahaulika kirahisi. Hakuna aliyekusudia. Moto tu haukuwashwa.

Ya pili ni mkono. Kumlisha mgonjwa wa hatua ya mwisho kwa usalama, kijiko kimoja, subiri ameze, kijiko kingine, kunaweza kuchukua zaidi ya nusu saa kwa mlo mmoja. Milo mitatu ni kama saa mbili kwa siku, kila siku, kwa miezi au miaka. Boston saa hizo zina mshahara. Kwetu zinatoka kwa mkwe ambaye alfajiri anatakiwa awe Kibirizi kununua dagaa wa kuuza, au kwa mjukuu wa darasa la sita. Ndugu wa Dar es Salaam anapouliza "kwani hamumpi chakula?", anauliza swali la sufuria wakati jibu mara nyingi liko kwenye mkono. Chakula kipo. Saa mbili hazipo.

Kilo zinapotea kimya kimya

Hapa tupige hesabu kidogo. Wataalamu wengi huanza kuwa na wasiwasi mtu akipoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12. Kwa bibi wa kilo 48, hiyo ni kilo 2.4. Tukikadiria kwamba kilo moja ya mwili hubeba kalori kama 7,000 (zile kalori za chakula), amepoteza kalori 16,800. Zigawe kwa siku 365. Unapata kalori 46 kwa siku.

Mwili si daftari la duka, na kilo ya misuli hubeba kalori chache kuliko kilo ya mafuta, kwa hiyo ichukue hesabu hii kama makadirio. Lakini angalia ukubwa wake. Kalori 46 ni chini ya nusu kikombe cha uji mwepesi. Hakuna mwanafamilia, hata awe makini vipi, anayeweza kuona kwa macho kwamba bibi amekula nusu kikombe pungufu. Ndiyo maana mkwe anaapa kwamba bibi anakula vizuri, na ndugu wanaapa kwamba hali, na wote wanasema kweli kwa walichokiona.

Basi kipimo kinahitajika, na ripoti iko sahihi hapo. Ila inadhani kipimo ni mizani, na mtu asiyeweza kusimama humpandishi kwenye mizani ya bafuni. Katika kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na kwenye kliniki za watoto nchi nzima, tunajua njia nyingine: utepe wa kuzungusha mkononi, katikati ya bega na kiwiko. Kwa wazee nao upo utaratibu. Mbinu ya tathmini ya haraka ya wazee inayotumiwa na HelpAge International huhesabu mzunguko ulio chini ya sentimita 21 kuwa utapiamlo, na chini ya sentimita 18.5 kuwa utapiamlo mkali. Mbinu hiyo hiyo ina maswali mafupi ya kugundua demensia. Yaani maswali mawili ambayo ripoti kubwa inayaunganisha kwa kurasa nyingi, fomu moja ya watu wa misaada inayauliza kwa siku moja.

Nyumbani huhitaji hata utepe maalumu. Futi ya fundi cherehani inatosha. Pima mkono ule ule, mahali pale pale, kila mwanzo wa mwezi, andika kwenye daftari. Namba ikishuka miezi miwili mfululizo una kitu cha kumwonyesha daktari, na una kitu cha kumwonyesha ndugu wa Dar es Salaam.

Kinywaji cha lishe kipo Ujiji, hakina chupa tu

Ushahidi kuhusu vinywaji vya lishe ndio sehemu yenye nguvu ya ripoti. Lakini vinafanya kazi kwa nini? Si kwa sababu ya chupa. Ni kwa sababu vinaweka kalori na protini nyingi ndani ya kiasi kidogo cha kimiminika, na mgonjwa wetu anaweza kumeza kiasi kidogo tu kabla hajachoka.

Chukua kikombe cha uji mwepesi wa mililita 300 wenye gramu 30 za unga. Kina kalori 105 hivi, karibu zote za wanga. Sasa weka kijiko kikubwa kimoja cha mawese. Gramu 14 za mafuta, kalori 120 na zaidi. Umezidisha mara mbili bila kuongeza hata tonge moja, na mawese mekundu yana kiini cha vitamini A juu yake. Ongeza gramu 10 za unga wa dagaa waliotwangwa laini na kuchekechwa. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini. Tafuta waliokaushwa kwenye chanja, si mchangani, maana punje za mchanga na vipande vya mifupa ni hatari kwa mtu anayemeza kwa shida. Na uji uwe mzito kidogo. Kimiminika chepesi kama maji hukimbia haraka kooni kuliko mgonjwa anavyoweza kukidhibiti.

Mkoa wetu unasifika kwa mawese na dagaa. Ripoti ingeandika kanuni, badala ya bidhaa, mama wa Katonga angeweza kuitumia jioni hiyo hiyo. Kosa hili si dogo. Familia ikiambiwa "mnunulie vinywaji vya lishe" na bei ikawashinda, inaondoka ikiamini kwamba hakuna tena la kufanya.

Dripu na mpira

Kwenye suala la mpira wa kulishia, maandishi ya kitaalamu yako wazi kuliko mahali pengine pote, na hapa nasimama nayo. Tangu uchambuzi wa Finucane na wenzake wa mwaka 1999, na mapitio ya Cochrane ya mwaka 2009 yaliyosasishwa 2021, haijaonekana kwamba mpira unaongeza maisha ya mgonjwa wa demensia ya mwisho. Hakuna hata jaribio moja la kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu lililopatikana, ila tafiti zilizopo haziupi mpira sifa, na zinaonyesha vidonda vya mgongo kuongezeka. Vyama vya madaktari wa wazee wanapendekeza kulisha kwa mkono.

Kwetu hata hivyo mpira si ombi la kwanza. Ombi la kwanza ni dripu. "Muwekeeni hata dripu apate nguvu." Basi jua kilichomo. Lita nzima ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina kalori kati ya 170 na 200. Hizo hazifiki vijiko viwili vikubwa vya mawese. Dripu ya chumvi haina kalori hata moja. Mgonjwa aliyeishiwa maji kwa kuhara au homa dripu inaweza kumwokoa. Aliyekonda kwa miezi minane haitamnenepesha.

Tusijisifu nasi

Nisieleweke kwamba nyumba ya Ujiji ni bora kuliko nyumba ya wazee ya Boston kwa sababu tu ina watu wa damu moja. Kulisha kwa mkono ambako wataalamu wa Ulaya wanakuhubiri leo, sisi tumekufanya siku zote, ni kweli. Lakini tumekufanya pia vibaya. Bibi ananyweshwa uji akiwa amelala chali. Anabanwa pua ili afungue mdomo. Anaharakishwa, tonge juu ya tonge, kwa sababu mlishaji ana foleni ya kazi. Uji ule unaweza kuishia kwenye mapafu. Upendo upo, ila koo halijui upendo. Linajua mkao, ukubwa wa kijiko na muda.

Kwa hiyo mkalishe wima, kidevu kimeinama kidogo. Kijiko cha chai, si upawa. Subiri uone koo limepanda na kushuka ndipo ulete kingine. Akikohoa au sauti ikawa kama ina maji, simama. Abaki amekaa angalau nusu saa baada ya kula. Na kabla ya kusema amekataa chakula, fungua mdomo wake utazame kwa tochi.

Sasa ile sentensi tuifanyeje?

Tusiitupe. Tuihamishe mahali pake. Boston iliandikwa mwishoni, baada ya mizani, daktari wa meno, na milo mitatu. Hapa inafikishwa kwa familia mwanzoni, kabla ya chochote, halafu inaitwa ushauri. Ningeiandika upya ripoti ile, ningeweka maswali haya mbele yake: Je, makohozi, sukari na damu vimepimwa? Mdomo umetazamwa? Choo kinatoka? Anakula kwenye bakuli lake au kwenye sinia? Nani anamlisha, na ana muda gani? Mkono una sentimita ngapi mwezi huu, na ulikuwa na ngapi mwezi uliopita?

Maswali hayo hayahitaji Boston. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kuyabeba kwenye daftari kutoka Gungu mpaka Bangwe. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, na inazungumzia matibabu ya wazee. Swali la nani anapita nyumbani kwa mzee asiyeweza kuja hospitali bado ni la kuulizwa kwa sauti.

Na yakishajibiwa yote, vilivyotibika vimetibiwa, uji umeongezwa nguvu, mkono umepata msaidizi, na bibi bado anakonda? Hapo sentensi ya wataalamu inakuwa ya kweli, na tena inakuwa ya huruma. Mwili wake unafunga kazi. Kijiko kinaendelea kuja, kidogo, kile anachokipenda, kwa ajili ya ladha na kuwa naye, bila kuhesabu kalori tena. Akigeuza uso, anaachwa apumzike. Mkwe yule anastahili kuambiwa, mbele ya ndugu wote barazani, kwamba hakumnyima mtu chakula.